Barua ya kuacha kazi, makubaliano, kupunguzwa au kikao cha nidhamu: uchague ipi?

Mwajiri anayetaka kuachana nawe ana njia nne za kukufikisha getini, na kila njia ina karatasi yake. Kuna barua ya kuacha kazi unayoiandika mwenyewe. Kuna makubaliano ya kuachana mnayotia saini nyote wawili. Kuna kupunguzwa kazini. Na kuna kikao cha nidhamu kinachoishia kwenye barua ya kuachishwa. Tatizo ni kwamba mfanyakazi mara nyingi haonyeshwi njia zote. Anaitwa ofisi ya rasilimali watu Ijumaa jioni, anaambiwa, "Ndugu yangu, sisi hatutaki kukuharibia jina. Andika mwenyewe uondoke na heshima yako," kisha anasogezewa karatasi na kalamu. Papo hapo anajikuta anapima heshima dhidi ya aibu.

Mizani hiyo imewekwa na mwenye ofisi. Yako inapaswa kupima mambo matatu: ni fedha ipi inaingia mfukoni, nani atabeba mzigo wa kuthibitisha mkifikishana kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na ni mlango upi unafungwa ukishaweka saini. Hapa ninazungumzia sekta binafsi Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya 2005. Watumishi wa umma nao hutakiwa kumaliza kwanza njia za ndani, ikiwemo rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kugonga mlango mwingine. Sitataja namba za vifungu kwa makusudi: Toleo la Urekebu la 2023 limezipanga upya, na barua nyingi za maofisini bado zinabeba namba za zamani. Ukifungua sheria, tafuta kichwa cha kifungu.

Kabla ya kulinganisha, yapo malipo yasiyotegemea umeondokaje. Mshahara wa siku ulizofanya kazi ni wako. Malipo ya likizo uliyoilimbikiza ni yako. Cheti cha utumishi ni chako. Hata aliyethibitika kuiba anastahili hivyo vitatu, na mwajiri anayesema "umeshapoteza kila kitu" anatisha tu. Aliyeajiriwa Mwanza na kazi yake ikakomeshwa Dar es Salaam ana jambo la ziada: kusafirishwa yeye na mizigo yake hadi mahali alipoajiriwa, au kulipwa nauli, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri usafiri huo. Stahiki hii husahaulika sana, na kwa mwenye familia na vyombo vya nyumba inaweza kuwa fedha ya maana. Ndiyo maana mahali pa kuajiriwa paandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza.

Sasa tupige hesabu. Chukua mfanyakazi mwenye mkataba wa kudumu, mshahara wa msingi shilingi 600,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki, miaka 8 kamili kazini, na nusu ya likizo ya mwaka hajaichukua. Sheria ina jedwali la kugeuza mshahara wa mwezi kuwa wa siku. Kwa anayefanya kazi siku sita unagawa kwa 26. Mshahara wake wa siku ni takriban 23,077. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, lakini miaka inayohesabiwa haizidi 10. Siku 7 mara miaka 8 ni siku 56, sawa na takriban shilingi 1,292,000. Aliyekaa miaka 20 anahesabiwa 10 tu, isipokuwa mkataba wake au mkataba wa hali bora uliosainiwa na chama cha wafanyakazi unasema zaidi. Ukiwa na chama tawini, usome mkataba wa hali bora kabla ya kusoma sheria. Kiwango cha sheria ni cha chini kabisa, na vyama vingi vimeshapata cha juu yake.

Kuna pia fao la upotevu wa ajira la NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii), lililokuja na mageuzi ya mifuko ya 2018 baada ya lile fao la kujitoa, lililomruhusu mwanachama kuchukua michango yake akitoka kazini, kuondolewa, jambo lililozua kelele nyingi. Kwa aliyechangia angalau miezi 18, ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda wa miezi 6. Kwa mfano wetu ni kama 200,000 kila mwezi, jumla 1,200,000. Aliyeacha kazi kwa hiari halipati.

| | Kuacha mwenyewe | Makubaliano | Kupunguzwa | Nidhamu, kosa likithibitika |
|---|---|---|---|---|
| Siku ulizofanya kazi na likizo | Unalipwa | Unalipwa | Unalipwa | Unalipwa |
| Notisi | Unaitoa wewe, siku 28 | Mnapatana | 600,000 au unaitumikia | Hakuna kwa kosa kubwa |
| Kiinua mgongo | 0 | Mnapatana | 1,292,000 | 0 |
| Fao la upotevu wa ajira | Halipo | Maneno ya mkataba ndiyo yanaamua | Kama 1,200,000 | Kizuizi cha kujiuzulu hakikugusi |
| Anayethibitisha mbele ya CMA | Wewe | Wewe, ukidai ulilazimishwa | Mwajiri | Mwajiri |

Linganisha safu ya kwanza na ya tatu. Hata kama notisi utaitumikia na ukalipwa mshahara wake kama kawaida, barua ya kuacha kazi inakuondolea karibu milioni mbili na nusu: kiinua mgongo na fao. Hiyo ndiyo bei ya karatasi ile ya Ijumaa jioni, na bado hatujagusa fidia.

Kuacha mwenyewe

Njia hii ni nzuri kwa mtu mmoja: aliyepata kazi nyingine. Anatoa notisi ya maandishi ya siku 28, anakabidhi ofisi, anachukua cheti chake. Akiondoka bila kuitumikia notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata fedha ya muda huo kwenye malipo yake ya mwisho, kwa hiyo mwenye haraka aombe kwa maandishi notisi ifupishwe na asubiri jibu la maandishi.

Kwa aliyesukumwa, habari ni nyingine. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kuacha kazi kwa mkono wake huku akiwa amefukuzwa kwa vitendo: mwajiri ameyafanya mazingira yasivumilike mpaka mfanyakazi akaondoka. Kanuni za 2007 zinataja unyanyasaji wa kingono, au mwajiri kushindwa kumkinga mfanyakazi dhidi yake, na zinataja kutendewa isivyo haki, mradi mfanyakazi alitumia njia zilizopo za kulalamika, isipokuwa awe na sababu nzuri ya kutozitumia. Ukishinda hoja hiyo, unahesabiwa umeachishwa isivyo halali na unapata haki za aliyeachishwa.

Tatizo ni ushahidi, na ushahidi mbaya kuliko wote ni barua yako mwenyewe. Afisa rasilimali watu akikusomea maneno ya kuandika, yatakuwa "kwa sababu zangu binafsi" na "ninaushukuru uongozi kwa ushirikiano". Mwaka mmoja baadaye mwamuzi wa CMA ataisoma barua hiyo kwa sauti, na wewe utakuwa umekaa hapo unaeleza kwamba hukumaanisha. Ikiwa umefika mahali pa kuacha kwa sababu ya mateso, andika mateso: tarehe, tukio, ulimlalamikia nani, alijibu nini. Weka malalamiko yako kwa maandishi kabla ya barua ya mwisho, hata kama ni kwa barua pepe au ujumbe wa WhatsApp kwa meneja. Na usiandike siku ile ile uliyoitwa. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kujiuzulu kabla ofisi haijafungwa.

Kikao cha nidhamu

Watu wanakiogopa kikao kuliko kinavyostahili. Ukiangalia mwajiri anatakiwa kufanya nini ili kikao kisimame, utaelewa kwa nini anakubembeleza uandike mwenyewe.

Kwanza lazima achunguze. Akitaka kukusimamisha kupisha uchunguzi, anakusimamisha kwa mshahara kamili. Kisha anakupa barua ya tuhuma kwa lugha unayoielewa, na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Tuhuma kwa Kiingereza cha kisheria kwa mlinzi aliyeishia darasa la saba tayari ni kasoro. Mwenyekiti wa kikao awe na cheo cha kutosha na asiwe alihusika na tukio. Meneja aliyekukamata hawezi kukuhukumu. Una haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako, kuwahoji mashahidi na kuleta wa kwako. Ukitiwa hatiani, usikilizwe utetezi wa kupunguziwa adhabu. Upewe uamuzi pamoja na sababu zake, na uambiwe haki yako ya kukata rufaa ndani ya kampuni.

Hata baada ya yote hayo, bado kuna swali la uzito wa kosa. Kanuni zinasema kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa liwe zito kiasi kwamba uhusiano wa kazi hauwezi kuendelea. Orodha ya makosa mazito iko wazi: kukosa uaminifu kwa kiwango kikubwa, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi, uzembe uliokithiri, kupiga mtu, ukaidi uliokithiri. Kuchelewa mara mbili mwezi huu hakumo. Kujibizana na msimamizi mbele ya wenzako kunaweza kukuletea onyo la maandishi, na mwajiri anayerukia kufukuza hapo anajitafutia kesi.

Muhimu kuliko yote ni kwamba mkifika CMA, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa sababu ilikuwa halali na ya haki, na kwamba utaratibu ulifuatwa. Wewe unathibitisha tu kwamba uliachishwa. Akishindwa, Tume inaweza kuamuru urudishwe kazini, au uajiriwe upya kwa masharti itakayoyaona yanafaa, au ulipwe fidia. Tangu 2004 fidia iliandikwa kuwa si chini ya mishahara ya miezi 12, ambayo kwa mfano wetu ni 7,200,000, nje ya stahiki nyingine. Usiibebe namba hiyo kichwani kama ahadi, lakini. Mahakama ya Rufani imewahi kukubali fidia ishuke chini ya hapo pale sababu ilipokuwa halali na kilichokosewa ni utaratibu peke yake, na marekebisho ya sheria za kazi ya 2025 yametenganisha viwango kwa aina ya kosa la mwajiri. Mwizi aliyefukuzwa bila kikao hatalipwa sawa na mtu aliyefukuzwa bila sababu. Nami naona ni sawa kabisa.

Kuna kitu kimoja waajiri hukichanganya, wengine kwa kutojua. Utendaji usioridhisha si kosa la nidhamu. Anayeshindwa kufikia malengo anatakiwa kwanza aelekezwe, apewe mafunzo inapobidi, na apewe muda wa kutosha wa kujirekebisha. Akiachishwa kwa sababu hiyo, au kwa ugonjwa, kiinua mgongo anapata. Kwa hiyo barua inayosema "utovu wa nidhamu: kutofikia malengo ya mauzo" ina shilingi 1,292,000 zilizojificha ndani yake.

Sasa upande wa pili. Ikiwa kweli ulichukua fedha, kamera zimekuona na umeshakiri kwa maandishi, rudi kwenye jedwali: kiinua mgongo ni sifuri ukiacha mwenyewe, na ni sifuri ukifukuzwa. Hapo barua ya kuacha kazi haikugharimu sana, na inaweza kukuepusha na maswali kwa mwajiri ajaye. Huo ndio mwanya pekee ambapo maneno ya "kulinda jina" yana ukweli. Lakini ujue kwamba kujiuzulu hakuzuii mwajiri kwenda polisi, isipokuwa mmepatana vingine, na mapatano ya kuficha jinai si ya kuyategemea.

Makubaliano

Kwa mfanyakazi mwenye umri na miaka mingi kazini, ambaye haoni namna ya kurudi kukaa meza moja na bosi huyo huyo, makubaliano ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Shauri la CMA likikatiwa mapitio Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, na baadaye rufaa, linachukua miaka. Fedha kidogo ya mwezi huu inaweza kuwa na faida kuliko fedha nyingi ya mwaka usiojulikana, hasa kama ada za watoto zinadaiwa Januari.

Ila lazima ujue sakafu yako. Katika mfano wetu, kama mwajiri angekupunguza kwa kufuata sheria, angekulipa notisi 600,000, likizo kama 300,000 na kiinua mgongo 1,292,000: jumla 2,192,000. Ukiletewa "kifurushi" cha milioni mbili, unachoombwa ni kuuza haki yako kwa hasara. Mazungumzo yanaanza juu ya sakafu, na kiasi cha juu yake kinapimwa na uzito wa kesi ambayo ungeifungua. Mwajiri asiye na sababu wala kikao ana zaidi ya kupoteza, na anajua. Mwajiri aliyekwisha kukuita kikaoni na ushahidi mkononi atakupa kidogo, na usimkasirikie.

Soma mkataba nyumbani, si ofisini. Angalia kiasi kilichoandikwa ni kabla au baada ya kodi, kwa sababu malipo ya kukoma kwa ajira nayo hukatwa PAYE. Angalia tarehe ya kulipwa; "baada ya taratibu kukamilika" si tarehe. Angalia sababu iliyoandikwa. Mkataba ukisema "mfanyakazi ameomba kuondoka kwa hiari yake", dirisha la NSSF watasoma sentensi hiyo kama walivyoisoma kwa waliojiuzulu. Dai iandikwe kwamba ajira imesitishwa na mwajiri kwa mahitaji ya shughuli zake, kama ndivyo ilivyo. Na michango ya NSSF isiingizwe kwenye mapatano hata kidogo. Ile ni fedha yako, nusu yake imekatwa kwenye mshahara wako. Chukua taarifa ya michango kabla ya kusaini uone kama kila mwezi uliokatwa ulipelekwa, maana wapo wanaokata na kukaa nazo.

Mwishoni mwa mkataba kuna sentensi inayosema huna madai mengine yoyote. Hiyo ndiyo bidhaa anayoinunua mwajiri, na ndiyo sababu yote ya mkataba kuwepo. Ukishaisaini, kurudi nyuma kunahitaji uthibitishe kwamba ulilazimishwa au ulidanganywa. Kama malipo ni ya awamu, pendekeza suluhu isainiwe mbele ya msuluhishi wa CMA: makubaliano ya maandishi yaliyofikiwa kwenye usuluhishi hukazwa kama hukumu ya mahakama. Mwajiri akichelewesha awamu ya pili, huanzi kesi upya.

Kupunguzwa

Kwa fedha, hii ndiyo safu nono, na kwa jina haimchafui mtu. Mwajiri anatakiwa awe na sababu za kiuchumi, za kiteknolojia au za muundo wa kampuni. Anatakiwa atoe taarifa ya nia yake mara tu anapoanza kulifikiria jambo hilo, atoe taarifa zote muhimu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe wasio na chama, kuhusu sababu, namna ya kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua, muda na malipo. Mkishindwa kukubaliana, suala linaweza kupelekwa CMA kusuluhishwa, na kwa siku 30 za usuluhishi mwajiri hawezi kutoa notisi ya kuachisha.

Mashauriano ya kweli hutangulia uamuzi. Kikao cha Jumatatu cha "kuwajulisha" na barua Ijumaa yenye majina yaliyokwisha kuchapwa ni kinyume cha sheria, hata kama kampuni kweli inakufa kwa madeni. Kigezo kinachozoeleka ni wa mwisho kuingia awe wa kwanza kutoka, huku ujuzi ukizingatiwa. Ukiona wewe wa miaka 8 umetoka na mgeni wa mwaka jana mwenye kazi ile ile amebaki, uliza kigezo kwa maandishi. Ukiona nafasi yako imetangazwa upya wiki tatu baadaye kwa cheo kilichobadilishwa jina, hifadhi tangazo hilo.

Ukipewa kazi nyingine mbadala ndani ya kampuni, ifikirie vizuri kabla ya kuikataa. Anayeikataa bila sababu ya msingi anapoteza kiinua mgongo.

Usichanganye na ya Kenya

Kampuni nyingi za Dar es Salaam na Arusha zina makao makuu Nairobi, na fomu za rasilimali watu huja kutoka huko. Ushauri mwingi wa mtandaoni nao ni wa Kenya. Sheria zinafanana sura, namba hazifanani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa anayepunguzwa mshahara wa angalau siku 15 kwa kila mwaka kamili, zaidi ya mara mbili ya zetu. Fidia ya kuachishwa isivyo haki kule ina kikomo cha juu cha mishahara ya miezi 12, wakati kwetu 12 iliingia kwenye sheria kama kiwango cha chini. Na Kenya mtu ana miaka 3 kufungua shauri. Mtanzania anayesoma kuhusu miaka hiyo mitatu na kujituliza amekwisha.

Wenye mikataba mifupi na waliopo kwenye majaribio

Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hawezi kudai kuachishwa isivyo haki, ingawa mshahara, likizo na notisi yake viko palepale. Mwenye mkataba wa muda maalumu uliokwisha kwa tarehe yake hapati kiinua mgongo. Ana hoja kama alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa: umehuishwa mara nne mfululizo, na bosi ameshakupangia kazi za mwaka ujao kwa barua pepe. Akikatishwa katikati, dai lake la kawaida ni mishahara ya muda uliobaki, kwa hiyo kwa mtu wa mkataba wa miaka miwili aliyebakiza miezi 17, barua ya kuacha kazi ni ghali kuliko kwa mtu mwingine yeyote niliyemtaja.

Siku 30

Shauri la kuachishwa kazi isivyo haki linapelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa, au tangu siku mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho, kwa mfano wa rufaa ya ndani. Madai mengine, kama mshahara uliozuiwa, ni siku 60. Mazungumzo na ofisi hayasimamishi saa. Nimekuwa kiongozi wa tawi kwa muda wa kutosha kujua kwamba kesi nyingi nzuri hazishindwi kwa hoja. Zinafia kwenye "njoo wiki ijayo, mkurugenzi amesafiri". Unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa, na "tulikuwa tunazungumza" haikubaliki kirahisi.

Kufungua shauri hakukuzuii kuendelea kuzungumza. Tena mwajiri mwenye shauri mkononi huzungumza kwa adabu zaidi. Unajaza Fomu Na. 1 ya CMA katika ofisi ya Tume ya eneo mgogoro ulipotokea, unaandika tarehe na sababu kwa usahihi kwa maana utashikiliwa hapo hapo, unachagua aina ya dai bila kuchanganya, unaambatisha mkataba, hati za mshahara na barua zote. Nakala moja unampelekea mwajiri na kumtaka asaini kuipokea. Akikataa kusaini, nenda na shahidi au itume kwa njia itakayokupa risiti, kwa sababu Tume haitaanza usuluhishi mpaka ione kwamba upande wa pili umepata taarifa.